Nimefiwa na Mimi

Palikuwa na nchi, na bado ipo, msinitazame kana kwamba hamuijui. Ilikuwa nchi ya amani kupita kiasi. Kwenye wimbo wa taifa amani ilitajwa mara nyingi kuliko jina la nchi yenyewe, na mtu aliyesema haioni alipelekwa mahali akaoneshwe. Ndiyo maana vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, wananchi hawakujua vinapiganwaje, ikabidi waulizane.

Chanzo kilikuwa kidogo tu. Uchaguzi ulipokwisha, wagombea wote wawili walishinda. Asubuhi Jaji Mkuu akamwapisha wa kwanza kwenye uwanja wa mpira wa bondeni, akala chakula cha mchana, na jioni akamwapisha wa pili kwenye uwanja wa mpira wa mlimani. Waandishi wa habari walipomuuliza, alijibu kwamba kazi yake ni kuapisha, si kuchagua, na kwamba joho lilikuwa limeshapigwa pasi, lisingekaa bure. Basi ikawa nchi moja, marais wawili, na mizinga ya heshima ikapigwa mara mbili. Asubuhi ilipigwa juu. Jioni, kwa bahati mbaya, ilipigwa kuelekea bondeni.

Katika vita hivyo alikuwamo Praiveti Pazi Ndelema, Mdunda wa bondeni, mwenye elimu ya kidato cha nne na sauti ya kidato cha sita. Aliingia jeshini kwa hiari. Hiari hiyo ilimkuta stendi ya mabasi akila mihogo ya kukaanga, ikamshika mkono, ikampandisha kwenye lori, na mihogo yenyewe ikaila. Mama yake alipopata habari alisema afadhali, huenda jeshini watamfundisha kunyamaza.

Alipangiwa Kikosi cha Saba cha Askari wa Miguu, chenye jina la heshima la Chui Wasiolala. Walikuwa wa miguu kwa sababu magari yote ya jeshi yalikuwa kwenye msafara wa Rais wa bondeni, na Rais huyo alikuwa na msafara hata akienda kuoga. Na walikuwa wakilala sana, hao chui, kwa sababu mtu akilala njaa hupungua. Kikosi kizima kilikuwa cha Wadunda. Kilipelekwa ukingo wa huku wa mto Mgobole, kuwakabili Walembo wa mlimani waliochimba mahandaki yao ng'ambo ya pili, karibu mno, kiasi kwamba Walembo wakikaanga vitunguu, Wadunda walimeza mate.

Hapo ndipo makao makuu walipokosea, na ni kosa ambalo hata kuku wa nchi ile wasingelifanya. Wadunda na Walembo ni watani.

Kwa asiyejua utani, afadhali aelezwe mapema. Mtani wako anaweza kuingia nyumbani akabeba jogoo, nawe ukamsindikiza mpaka njiani. Anaweza kukuambia mbele ya wakwe zako kwamba uso wako umekaa kama sufuria iliyosahaulika jikoni, na wakwe wakaafiki. Kumkasirikia ni mwiko. Ukikasirika unatozwa faini, na faini anaitaja yeye. Lakini ukifa ndipo kazi yake inapoonekana. Ndugu hawagusi jembe. Kaburi la Mdunda huchimbwa na Mlembo, na la Mlembo huchimbwa na Mdunda. Likishachimbwa, mtani hujilaza ndani kulipima, akagoma kutoka mpaka wafiwa wampe kitu, huku akimwigiza marehemu kwa sauti na mwendo, mpaka mjane anacheka na machozi yakiwa bado shavuni. Msiba usio na mtani kwao si msiba. Ni kutupa mtu.

Makao makuu waliyajua yote hayo, kwa kuwa nao walizaliwa na mama zao. Ila ramani ya vita waliyoitumia ilichapishwa ng'ambo, na kwenye ramani ile utani haukuwekewa rangi.

*

Mkuu wa kikosi alikuwa Kanali Sibuga, mtu wa makao makuu kwa kuzaliwa, kwa kulelewa na kwa tumbo. Hakuwa Mdunda wala Mlembo. Alikuwa na shahada ya mapigano kutoka nchi ambayo watu wake hawajagombana hata foleni ya mkate. Kila asubuhi aliwahutubia askari kwamba adui ni adui kwa sababu ya uadui wake, na kwamba uadui huo ndio unaomfanya awe adui. Askari walipiga makofi, kwa sababu mikono ilikuwa na baridi.

Idara ya Chuki ya Taifa, iliyoundwa haraka kwa kupunguza watu kwenye Idara ya Umoja, ikakiletea kikosi kipaza sauti kikubwa pamoja na matusi rasmi ya kumsomea adui. Kanali akamchagua Pazi awe msomaji. Siku ya kwanza Pazi alisimama juu ya magunia ya mchanga, akasoma kwa sauti iliyotikisa mabati ya jiko kwamba nyinyi vibaraka na makuwadi wa nguvu za giza, mnaorudisha nyuma gurudumu la maendeleo, jisalimisheni kwa mujibu wa kifungu kidogo cha pili.

 Kutoka ng'ambo sauti moja ikajibu kwa upole, "Rudia hapo kwenye gurudumu. Kuna mtu alikuwa anapiga chafya."

Pazi akarudia. Yule mtu akashukuru, akauliza kama kifungu kidogo cha kwanza nacho kipo. Kanali akapandwa na hasira, akamwambia Pazi aongeze chuki. Pazi akaitafuta chuki kila mahali mwilini mwake, na alichokipata ni kile tu alichofundishwa na bibi yake. Akaiweka kando ile karatasi ya matusi.

"Nyie Walembo," akaita, "nyie mnaolima mmejifunga kamba msianguke shambani. Jana boga lenu limeviringika mpaka hapa. Limetusalimia, likaendelea na safari."

Mlima wote ukalipuka kicheko. Ilichukua muda mpaka ile sauti ya mwanzo ikaweza kusema.

"Boga letu angalau lina adabu. Nyie Wadunda mafuriko yakija mnalala humo humo. Asubuhi mnamkuta kambare kajifunika shuka, na mwenye nyumba yuko sakafuni."

Huyo alikuwa Sajini Lugome wa upande wa pili, ambaye kabla ya vita alikuwa fundi wa vitanda. Wadunda wakacheka mpaka mlinzi akaangusha bunduki mtoni. Na tangu siku hiyo, kila kulipokucha, pande zote mbili ziliacha kupigana ili zisikilize. Risasi zilipigwa chache tu za kuonesha kwamba watu wako kazini, tena hewani, na mpigaji akawaomba radhi ndege. Kanali akapeleka taarifa makao makuu kwamba bunduki za adui zimenyamazishwa kwa nguvu ya chuki. Makao makuu wakaleta nishani. Kanali akajivisha mwenyewe, mbele ya kioo, kwa kuwa hapakuwa na mkubwa mwingine wa kumvisha.

*

Sifa ndizo zilizomponza Pazi. Waziri wa Ulinzi na Ukweli, aliposikia kuna mahali chuki inafanya kazi vizuri, akataka aje aione. Akafika na msafara mrefu, yeye mwenyewe amevaa suti nyeupe pee iliyombana kuanzia shingoni hadi magotini, na miwani myeusi. Wakamsimamisha juu ya magunia ili adui amwone na kuogopa. Akahutubia juu ya njaa: akasema serikali imeipiga marufuku kikosini, na yeyote atakayepatikana nayo atachukuliwa hatua.

Alipomaliza, Pazi akapewa kipaza sauti. Kabla hajafungua mdomo, Lugome akamtangulia kutoka ng'ambo.

"Hongereni watani. Naona leo mmeletewa gunia la mchele. Mbona limevaa miwani?"

Pazi aliapa baadaye kwamba alijitahidi. Aliuma mdomo, akaukumbuka msiba wa babu yake, akatazama buti zake. Lakini macho yake, yenyewe, bila ruhusa, yakapanda kwenye ile suti nyeupe, yakaona ilivyofungwa na mkanda katikati kama gunia kweli, na kicheko kikamtoka. Na kwa bahati mbaya kilimtoka mbele ya kipaza sauti. Kikaenda mlimani, kikagonga mwamba, kikarudi kikiwa kikubwa zaidi. Kikosi kizima kikashindwa kujizuia. Mlinzi wa Waziri mwenyewe aligeuka nyuma, mabega yakimtikisika.

 Waziri alipanda gari, msafara ukageuka, na mchana huo huo amri ikafika.

Mahakama ya kijeshi ilikaa chini ya turubai. Mwendesha mashtaka alikuwa Kanali, hakimu alikuwa Kanali, na ili haki itendeke wakili wa mshtakiwa naye alikuwa Kanali, akabadilisha kofia tu. Shtaka lilikuwa kucheka na adui saa za kazi. Kama wakili, Kanali alimtetea Pazi kwa maneno ya kugusa moyo. Kama hakimu, akayakataa. Pazi akahukumiwa kupigwa risasi Jumamosi inayofuata, saa nne asubuhi, baada ya chai.

Alipoulizwa ana la kusema, Pazi aliuliza kama na yeye ni miongoni mwa wanaokunywa chai.

*

Wakamfungia kwenye ghala la maharage, ambalo lilikuwa na kila kitu cha ghala isipokuwa maharage. Humo Pazi alijichunguza kama ana ushujaa, akakuta hana. Alijaribu kutunga maneno ya mwisho. Yote yalitoka kama hotuba ya mahafali: ndugu mgeni rasmi, walimu, wazazi. Akamfikiria mama yake akiambiwa kwamba mwanawe kafa kwa kucheka, na jinsi atakavyosema nilijua. Hapo akalia, kilio kirefu, cha kamasi, wala hakukuwa na mtu wa kumwambia ajikaze.

Sajini Mdoe, Mdunda mtu mzima aliyemlea tangu siku ya kwanza kikosini, akamletea uji. Akakaa sakafuni, akawa anatazama kikombe.

"Nimepangwa kwenye wale wa kupiga," akasema.

"Utalenga wapi, Sajini?"

"Nitalenga vizuri, mwanangu. Usihangaike."

Pazi akanywa uji. Ulikuwa hauna sukari, na aliwaza kwamba angalau hilo halitamsumbua tena. Kisha, kwa kuwa mdomo wake haukuwahi kujua wakati, akauliza, "Na kaburi anachimba nani?"

Sajini Mdoe akainua uso.  Akainuka bila kuchukua kikombe, akatoka karibu anakimbia.

Kanuni za jeshi lile zilikuwa wazi: hapigwi mtu risasi kabla kaburi lake halijawa tayari, kwa ajili ya usafi wa mazingira. Kanali akatoa amri lichimbwe. Askari wa kwanza akashika jembe, mpini ukachomoka. Wa pili akashikwa na kiuno. Wa tatu akasema yeye angependa sana, ila akichimba kaburi la Mdunda mwenzake ukoo wake wote utaota vipele mahali asipoweza kupataja mbele ya afande. Sajini Mdoe akapiga saluti, akaeleza kwa heshima zote kwamba la Mdunda huchimbwa na Mlembo, na kwamba Walembo wote, kama afande ajuavyo, wako ng'ambo wakitupiga vita.

Kanali akavua koti akachimba mwenyewe. Alichimba mpaka kwenye kifundo cha mguu, viganja vikavimba malengelenge, akakaa chini. Siku zilikuwa zinakwenda, na Waziri alikuwa anapiga simu kuuliza kama ameshakufa.

"Hawa Walembo," Kanali akauliza, bila kumtazama mtu, "huitwaje?"

Hapo ikatokea shida nyingine. Msiba una maneno yake ya kuwatangazia watani, na lazima yatoke kwa mfiwa. Nani alikuwa amefiwa? Wakashauriana, wakaona aliye karibu zaidi na marehemu ni marehemu mwenyewe. Akatolewa ghalani, akapandishwa juu ya magunia, akapewa kipaza sauti. Na ile sauti yake ya kidato cha sita ikakubali kutoka.

"Watani, mimi Pazi mwana wa Ndelema. Nawatangazia msiba."

"Pole sana mtani," akaitikia Lugome, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka. "Umefiwa na nani?"

"Nimefiwa na mimi."



"Umekufa lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi ipi?"

"Hii inayokuja. Saa nne. Kaburi halina mchimbaji."

 Wadunda walisikia Walembo wakinong'ona kwenye mahandaki yao.

"Tutakuja," akasema Lugome. "Usianze bila sisi."

*

Jumamosi asubuhi Walembo wakavuka mto na majembe begani, kitambaa cheupe kwenye mti. Vita vilisimamishwa rasmi kwa shughuli za kijamii. Lugome alikuwa mtu mfupi, mwenye sikio moja lililokatika ncha na vumbi la mbao lililokataa kumtoka hata baada ya mwaka mzima wa vita. Pazi hakuwahi kumwona kwa karibu. Wakatazamana, Lugome akamkagua kuanzia buti hadi kofia.

"Kumbe ndiyo wewe. Sauti kubwa namna ile nilidhani ina mtu ndani."

Pazi akataka kumjibu, akakuta meno yake yanagongana. Lugome akaliona hilo. Akamshika bega, akalibana, akaachia, akaenda zake kuchimba.

Walichimba huku wakimwigiza marehemu. Mmoja akapanda juu ya magunia akasoma kifungu kidogo cha pili. Mwingine akaigiza jinsi Pazi alivyokuwa analia ghalani, na Pazi, ambaye hakujua kama kilio kile kilifika ng'ambo, akatamani ardhi immeze, akakumbuka kwamba ndicho kinachoandaliwa. Askari wa pande zote walikuwa wakicheka, na wengi walikuwa wakifuta macho. Kaburi likawa tayari. Lugome akatandika mkeka pembeni, akamwendea Kanali, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Pole mzee. Kufiwa na mwana si jambo dogo."

"Mimi si baba yake," akasema Kanali.

"Wafiwa wote husema hivyo, ni uchungu," akasema Lugome, akamkalisha mkekani. Akamvua kofia yenye tarizi za dhahabu, akaivaa mwenyewe, akashuka kaburini, akalala chali, mikono kifuani. Kutoka humo chini, kwa sauti ya Kanali kabisa, akahutubia kwamba kaburi ni kaburi kwa sababu ya ukaburi wake.

Kikosi kizima kikaangua kicheko. Uso wa Kanali ukawa mwekundu, kisha mweusi, kisha ukakosa rangi ya kuchagua. Akainuka mkekani, akachomoa bastola, akaielekeza kaburini.

Vicheko vikakatika. Mto peke yake ndio ulioendelea na maneno yake.

Sajini Mdoe alikuwa kwenye safu ya wale waliopangwa kumpiga Pazi. Bunduki zao zilikuwa zimeshikwa muda mrefu upande mmoja, na huenda zilichoka, maana zote ziligeuka kidogo. Haikuwa sana. Kiasi tu kwamba hazikumwelekea tena Pazi.

"Afande," akauliza Sajini Mdoe kwa adabu, "umekasirika?"

"Sijakasirika," akanguruma Kanali, na ndege walioombwa radhi vita vizima wakahama.

"Kakasirika," ikasema sauti kutoka kaburini.

"Kakasirika," wakasema Wadunda.

"Kakasirika sana," wakasema Walembo.

Kanali akazitazama zile bunduki, akatazama mkono wake mwenyewe ulioshika bastola kwa kiganja cha malengelenge. Hakuwa mjinga wa kupindukia. Ule wa kawaida ulimtosha. Akairudisha bastola kiunoni.

"Faini ni nini?" akauliza.

Lugome akaketi humo kaburini, kofia imemshuka kwenye sikio lililokatika.

"Nataka maiti yangu. Nimechimba, nimepima, sanda nimebeba. Siwezi kurudi mikono mitupu wake zetu watuone."

"Lakini hajafa."

"Ndiyo vizuri. Atajibeba mwenyewe kupanda mlima."

Kanali akafikiri juu ya Waziri, simu, na taarifa itakayohitajika. Akauliza watafukia nini. Wakatazama huku na huku, na macho yote yakaangukia kile kipaza sauti. Wakakivisha sanda, wakakiteremsha, wakakifukia kwa heshima, na Sajini Mdoe akasema maneno machache. Pazi akafunikwa shuka, akavuka mto kwa miguu yake katikati ya Walembo, akijikwaa, kwa sababu walisema marehemu hatakiwi kutazama anakokwenda.

*

Juma lile lile redio ya taifa ikatangaza kwamba Praiveti Pazi Ndelema, kijana mkimya na mtiifu, ameanguka akipambana peke yake na adui, akiwa na ujasiri na mwiko wa jikoni. Kanali Sibuga, sasa Brigedia Sibuga, alisikika akisoma wasifu huku akikatika sauti. Kaburi likazungushiwa uzio, likapandwa maua, na kila mwezi mkubwa fulani alikuja kuweka shada juu ya kipaza sauti. Mama yake Pazi alitumiwa salamu kwa siri na Sajini Mdoe, akacheka mpaka akaketi chini, kisha akavaa nguo nyeusi na kulia mbele ya Waziri kwa ustadi mkubwa.

Lugome na Pazi waliusikiliza wasifu huo mlimani, kwenye karakana ya vitanda, maana Lugome alikuwa amepewa likizo ya msiba, na hakuna aliyekumbuka kuikatisha.

"Ulikuwa mtu mzuri kumbe," akasema Lugome. "Ungetuambia tungekuheshimu."

Pazi akakaa kwake mpaka vita vikaisha. Alifundishwa kuranda mbao, akashindwa. Alitengeneza kitanda kimoja, nacho hata kambare angekikataa. Mke wa Lugome, aliyeitwa Sikujua, hakumwita jina lingine. Marehemu, ongeza mboga. Marehemu, kalete maji. Marehemu, umeacha mlango wazi, au unadhani bado una mzimu wa kuufunga?

Kisha amani ikaja. Marais wawili walikutana hotelini ng'ambo, wakagundua kwamba kiti kinaweza kupanuliwa, wakaketi wote. Kufikia adhuhuri habari ilifika Mgobole. Askari wa pande zote mbili wakatoka kwenye mahandaki wakishangilia, wakamimina risasi angani, zote walizoziweka akiba vita vizima kwa kuoneana haya. Bonde lile lilikuwa halijaua mtu hata mmoja. Risasi zilipanda, zikafika zinakofika, zikaanza kutafuta pa kushukia. Moja ikashukia uani kwa Lugome. Alikuwa ameinamia ubao, anaranda.

Serikali ya pamoja ilitoa taarifa kwamba hiyo ilikuwa ajali ya furaha.

Sajini Mdoe na Wadunda wakapanda mlima na majembe. Hawakuambiwa, walikuja wenyewe. Lakini Pazi alikuwa ameshaanza kuchimba. Alichimba peke yake mpaka kiunoni, hakutaka kupokewa, na alipomaliza akalala ndani kulipima, kama inavyotakiwa, mikono kifuani. Walembo wakasogea ukingoni kusubiri. Huyu ndiye Pazi wa kipaza sauti, walimjua. Walijua atamwigiza Lugome mpaka watu washike mbavu.

Pazi akafungua mdomo. Akakumbuka boga, kambare, gunia lenye miwani. Vyote vilikuwapo, ila hakuna kilichokubali kutoka. Anga ilikuwa ya buluu, tupu, imeshamaliza kutupa ilichotupiwa.

"Toka mtani," wakambembeleza wafiwa, "tukupe jogoo."

"Sitaki jogoo."

"Tukupe mbuzi."

"Sitaki mbuzi," akasema Pazi, na sauti yake ikawa ndogo, ya darasa la pili. "Nataka mtani wangu."

Hakuna aliyekuwa na la kumpa. Watu wakaanza kutazama chini. Msiba ulikuwa unaharibika, na aliyeuharibu ni yeye, mcheshi wa kikosi, ambaye siku pekee aliyohitajika alikuwa amelala shimoni na mdomo wazi.

Ndipo Sikujua akaja mpaka ukingoni, macho yamevimba, khanga imefungwa kiunoni, akamtazama kutoka juu.

"Wewe marehemu. Kaburi unalo, kule bondeni, la serikali, lina uzio na maua. Hili la mume wangu nalo unalitaka? Mkishakufa mnakuwa na tamaa namna hii?"

Mtu mmoja kwa nyuma akapiga chafya, au ndivyo alivyodai. Kisha mwingine akashindwa. Kicheko kikazunguka ukingo mzima, Wadunda kwa Walembo, na Pazi akasikia chake kikimpanda humo chini pamoja na kilio, akaviacha vyote vitoke.

"Umenishinda, shemeji," akasema.

"Mbona ni kazi rahisi," akasema Sikujua, akamnyooshea mkono.

Akamvuta akatoka. Wakamteremsha Lugome mahali pake, pakiwa bado na joto la Pazi.